Namba Zilizofagiwa

Kwandu Luhende ana kiduka cha kuchapa na kutoa kopi mjini Bariadi, mtaa wa nyuma ya stendi. Anachapa barua za maombi ya kazi, anatoa kopi za vyeti, anawajazia wanafunzi maombi ya vyuo mtandaoni. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpole, asiyependa kumkatiza mtu anapozungumza. Ukimkuta hana mteja, utamkuta ameinamia kompyuta yake, na ukichungulia hutaelewa kitu, maana kioo kizima kimejaa namba.

Alizaliwa upande wa Zagayu, katika kitongoji cha mwisho kabla ya pori la hifadhi. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la pili, na mdogo wa baba, mzee Bujiku, akamchukua. Kwa Wasukuma jambo hilo halihitaji maelezo. Baba mdogo ni baba. Bujiku na mkewe Generoza walilima mtama na pamba kidogo, walikuwa na ng'ombe wa kutosha kulima na kukamua, na watoto wao wenyewe walishaanza kutawanyika. Kwandu alikua kama kitindamimba. Siku aliposema anataka kwenda Mwanza kusomea kompyuta, Bujiku aliuliza jambo moja tu, kama kazi hiyo mtu anaifanya amekaa. Alipoambiwa ndiyo, akasema basi imempata mwenyewe, maana jembe lilikuwa limemshinda tangu zamani.

Shida ya kitongoji kile ni tembo. Mtama ukianza kuiva, wanavuka mpaka wa hifadhi na kushuka mashambani. Zamani kila familia ilikuwa na dungu, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya shamba, na juu yake kulikuwa na mtu mwenye tochi na debe la kupiga. Bujiku aliishi nusu ya maisha yake juu ya dungu. Alikuwa na kikohozi cha baridi kisichokwisha, naye alikiita kikohozi cha mtama.

Kisha shirika moja la uhifadhi, lenye ofisi yake Arusha, likaja na mradi. Walimvalisha tembo jike mkubwa, kiongozi wa kundi, ukanda wa shingoni wenye redio. Kila saa ukanda ulituma ujumbe mfupi kusema tembo yuko umbali gani kutoka nguzo ya mpaka, na kipokezi kiliwekwa mjini katika ofisi ya Mwatima, afisa wanyamapori aliyehamishiwa Bariadi kutoka Tanga. Walihitaji mtu wa kuandika programu ya kuusoma ujumbe ule na kuwatumia wanakijiji taarifa kwenye simu zao tembo wakivuka. Raymond, aliyesimamia mradi, alitaka mtu wa hukohuko, anayeijua ardhi na lugha. Wakampata Kwandu.

Hapa inabidi nieleze kidogo namna ukanda ule ulivyozungumza, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo.

Mimi na wewe tukitaka kusema mita elfu mbili mia tisa, tunaandika tarakimu nne. Ukanda hauandiki tarakimu. Unatuma baiti, na baiti moja haibebi namba kubwa kuliko mia mbili hamsini na tano. Namba ikizidi hapo, inakaa kwenye baiti mbili. Ya kwanza inashika mabaki madogo, na ya pili inahesabu mafungu, kila fungu likiwa mia mbili hamsini na sita. Kwa hiyo mita elfu mbili mia tisa zinasafiri hewani kama themanini na nne, halafu kumi na moja. Mafungu kumi na moja, ongeza themanini na nne. Kazi ya Kwandu ilikuwa kuzipokea baiti hizo na kuzirudisha kuwa namba anayoielewa binadamu. Si kazi ngumu. Yeye mwenyewe alisema ni kama kufungua mizigo miwili na kuipanga upya.

Aliifanya kwa uangalifu. Kipokezi cha kwanza cha majaribio kilikuwa na tabia ya kuruka mstari mwishoni mwa kila ujumbe, kikiongeza alama isiyotakiwa, na alama ile ilimvurugia hesabu. Akaweka neno moja la kuamuru programu ifagie nafasi tupu zote mwishoni mwa ujumbe kabla ya kuusoma. Chini yake akaweka amri nyingine, kwamba ujumbe wowote uliopungua baiti utupwe, kwa sababu ujumbe nusu ni hatari kuliko kukosa ujumbe. Baadaye kipokezi kile kikabadilishwa na kingine kisichoruka mstari. Neno la kufagia likabaki mahali pake, na hakuna aliyeliona tena.

Siku ya majaribio Kwandu alitembea na Bujiku huku wameubeba ukanda kwenye kiroba. Walisimama penye nguzo, ujumbe ukafika. Walisimama shuleni, mbele kabisa kupita mashamba, ujumbe ukafika. Katikati, penye kijito chenye vichaka vya miiba na penye nyumba yao wenyewe, walipita tu wakiongea habari za ndama aliyezaliwa.

Kwa misimu miwili programu iliwasaidia. Tembo walikuwa na kawaida ya kuzubaa karibu na nguzo, wakila majani, na hapo ujumbe uliwanasa. Simu zililia kitongoji kizima, watu wakatoka na madebe na moshi wa pilipili, askari wa wanyamapori wakaja na gari, kundi likarudi porini. Madungu yakaachwa. Mengine yalibomolewa miti ikawa kuni. Bujiku alilala kitandani kwake msimu mzima wa mtama kwa mara ya kwanza tangu ujana, na kikohozi kikamwacha. Kila mgeni aliyefika nyumbani aliambiwa kwamba binti yao ndiye aliyeifundisha simu kusema tembo anakuja.

Mradi ukaisha na mkataba wa Kwandu ukaisha nao. Programu iliendelea kufanya kazi kwenye seva, kompyuta kuu ya shirika, mbali huko, na Kwandu hakuwa tena na ruhusa ya kuigusa.

Mwaka uliofuata, mtama ukiwa unatoa masuke, Mwatima alikuja dukani. Alisema askari wake, wakiwa doria, walimwona tembo jike kwa macho yao, amesimama ndani ya vichaka vya kijito pamoja na kundi lake tangu asubuhi mpaka mchana. Kisha wakarudi porini wenyewe, hakuna kilichoharibika. Lakini siku hiyo ramani ya programu haikuonyesha kitu na simu haikulia. Mwatima alidhani betri ya ukanda inakufa.

Kwandu aliomba kuona baiti zenyewe, kama zilivyofika kwenye kipokezi kabla hazijatumwa kwenye seva. Mwatima akampigia picha kioo cha kipokezi. Baiti zilikuwepo. Ukanda ulikuwa umesema kweli kila saa. Kwandu aliziangalia, na kabla hajamaliza kuzigeuza kuwa mita alishaona kwamba kila ujumbe uliopotea ulikuwa umeishia na kumi na moja au kumi na mbili.

Kompyuta haina herufi wala nafasi. Ina namba tupu. Herufi inaandikwa kwa namba, na nafasi tupu nayo inaandikwa kwa namba. Namba tisa mpaka kumi na tatu ni alama za kuruka, za kushuka mstari, za kusogeza maandishi, na kwa neno lile la kufagia zote ni takataka. Baiti ya mwisho ya ujumbe ikiwa kumi na moja, yaani mafungu kumi na moja ya umbali, programu iliiona kama nafasi tupu, ikaifagia. Ujumbe ukabaki pungufu. Amri ya pili, ile ya uangalifu, ikautupa.

Alichukua karatasi akapiga hesabu. Kuanzia mita elfu mbili mia tatu na kidogo kutoka nguzo, mpaka elfu tatu mia tano themanini na tatu, tembo hakuonekana. Ulikuwa ukanda wa ardhi wa zaidi ya kilomita moja, na kundi lisipozubaa penye nguzo liliweza kuufikia kati ya ujumbe wa saa moja na wa saa iliyofuata. Ndani yake kulikuwa na kijito, vichaka, karibu mashamba yote ya mtama ya kitongoji, na nyumba ya Bujiku.

Mwatima anasema Kwandu hakulia wala hakupandisha sauti. Alimwonyesha kwenye kompyuta yake neno lenyewe. Alilifuta, akazipitisha baiti upya, na tembo akaonekana penye kijito. Akasema, "Ni hili tu, dada. Neno moja." Lakini programu iliyokuwa ikiwalinda watu haikuwa ile iliyokuwa mbele yake, ilikuwa kwenye seva ya shirika.

Alimpigia Raymond. Raymond alikuwa ameshaacha kazi kwenye shirika lile, lakini alipokea simu na kumsikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, Kwandu," alisema. "Shida ni kwamba mimi sina tena funguo za seva. Aliyekuwa nazo amehama nchi. Waliopo sasa hawagusi kitu bila kikao, na wewe kwao ni mtu wa nje."

Alimpa anwani za kuandikia. Kwandu akaandika. Akajibiwa kwa adabu kwamba taarifa yake imepokelewa na itapelekwa kwa wataalamu. Akaandika tena, akaambatanisha hesabu, akaambatanisha programu iliyosahihishwa. Akajibiwa kwamba mabadiliko yatafanyika katika awamu ijayo. Alipiga simu Arusha, akapokelewa na kijana mstaarabu aliyemwita dada, na kijana yule naye hakuwa na ruhusa. Hakuna aliyemtukana na hakuna aliyemkatalia. Kila mtu alimwelewa kwa kiasi chake, na kila mtu alikuwa na mtu mwingine wa kumsubiri.

Ndipo akampigia baba yake mdogo, akamwomba warudi kwenye madungu.

"Simu si ipo?" Bujiku aliuliza. "Ikilia tutatoka."

"Baba, kuna sehemu simu haioni."

"Sehemu gani?"

"Hapo kwako. Kuanzia kijitoni mpaka nyuma ya zizi."

Bujiku alicheka, si kwa dharau. "Ng'wana wane, mwanangu, mashine inayoongea na Arusha itashindwaje kuona kwangu?"

Kwandu alijaribu kumweleza. Alisema kuna namba ambazo mashine inazichukulia kama si kitu. Bujiku akauliza namba inawezaje kuwa si kitu, na swali lilikuwa la haki. Alijaribu kwa njia nyingine, na nyingine tena, mpaka akasikia Generoza nyuma akimwambia mumewe amkubalie mtoto, amechoka. Bujiku akakubali. Alijenga dungu, akapanda juu yake siku chache akiwa na debe lake. Kisha mvua kubwa ikaja, akaloa, kikohozi kikarudi na homa juu yake. Generoza akamshusha. Majirani hawakupanda kabisa.

Kwandu na Mwatima wakabaki na njia moja. Mwatima alikuwa akisoma baiti kwenye kipokezi na kumtumia Kwandu. Kwandu akawa anazigeuza kichwani, na tembo akiwa katika sehemu ile iliyofichika, anapiga simu nyumbani. Mara mbili ilifaa. Watu walitoka na madebe, na kundi likarudi. Lakini Mwatima alikuwa na wilaya nzima ya kuhudumia, hakuweza kukaa mbele ya kipokezi mchana kutwa, na Jumapili alikuwa akipita ofisini mara moja tu.

Jumapili ile ilikuwa imetanguliwa na mvua ya siku nzima. Alasiri, Kwandu akiwa ametoka kanisani na kula, ujumbe wa Mwatima ukaingia ukiwa na namba mbili, themanini na nne na kumi na moja. Mita elfu mbili mia tisa. Tembo alikuwa ameshaingia kwenye vichaka vya kijito, na mtama ulikuwa umeiva.

Alimpigia Bujiku, hapatikani. Akampigia Generoza, akampigia jirani, akampigia mwalimu wa shule. Wote hawapatikani. Mwatima akaulizia, akaambiwa mnara wa simu wa upande ule umezimika tangu mvua ya jana. Askari nao walikuwa njiani, gari limezama kwenye tope. Kwandu akachukua bodaboda.

Barabara ilikuwa mbaya lakini ilipitika, mpaka mtoni. Mto ule kiangazi ni mchanga mtupu, watoto wanauchezea mpira. Siku ile maji yalikuwa yamefunika kivuko cha zege kutoka ukingo mpaka ukingo, mekundu, yakibeba magogo. Watu wengi walikuwa wamesimama wakisubiri yapungue, wengine wakitoka mnadani, wengine wakirudi kutoka misibani. Kwandu alimsihi mwenye bodaboda. Yule kijana akamwonyesha fimbo aliyoisimamisha kwenye maji ya ukingoni, ikaenda na maji.

Upande huu wa mto simu ilishika. Ujumbe wa Mwatima, aliyekuwa amebaki ofisini, ukaingia: mia mbili, na kumi na mbili. Mita elfu tatu mia mbili sabini na mbili. Saa iliyofuata jua lilikuwa linazama, ukaingia mwingine: ishirini, na kumi na tatu.

Mafungu kumi na matatu ni elfu tatu mia tatu ishirini na nane. Ongeza ishirini. Kwandu alikuwa ameshaupima kwa simu yake umbali wa nyumba ile kutoka nguzo, mara nyingi, na namba ilikuwa hiyohiyo kasoro hatua chache. Alisimama na simu mkononi. Mama mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mzigo wake alimsalimia, "Mwadila, mayu," akamsogezea nafasi, akamuuliza kama ana mgonjwa huko ng'ambo. Kwandu alijibu kwamba hajui. Baadaye alisema hilo ndilo jambo lililomtesa pale, kwamba alijua mahali na hakujua kitu kingine. Alijua mnyama yuko wapi kwa mita. Hakujua kama baba yake yuko ndani anakunywa uji au yuko nje anawaingiza ndama.

Alikuwa nje anawaingiza ndama.

Giza lilipoanza, simu ya Kwandu ililia, na papo hapo ikalia ya mwenye bodaboda, na ya mama wa mzigoni, na simu kadhaa nyingine pale ukingoni za watu wa vitongoji vya ng'ambo. Ulikuwa ujumbe wa programu yake, kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe, kwa Kisukuma na Kiswahili, kwamba tembo wamevuka mpaka na watu wachukue tahadhari. Tembo alikuwa amepita nyumba, amevuka kilomita ile iliyofichika, ameingia kwenye fungu la kumi na nne, na mashine sasa ilimwona. Watu wakaanza kuzungumza kwa kusifu. Mzee mmoja alisema kitu hiki kimesaidia sana, hata hapa mtoni kinatuambia.

Haikupita muda mrefu, ng'ambo ya mto zikatokea tochi. Ulikuwa mkokoteni wa ng'ombe na watu wengi kando yake. Walifika mpaka majini wakasimama. Wakaanza kupiga kelele, lakini mto ulikuwa unanguruma na sauti zilifika vipandevipande. Neno la kwanza kueleweka lilikuwa mhuli, tembo. Watu wa upande huu wakauliza kwa pamoja, nani, nani. Ng'ambo wakajibu mara nyingi. Mwenye bodaboda ndiye aliyelipata jina, akaligeukia kundi na kulitamka bila kujua kwamba abiria wake alikuwa binti wa mwenye jina hilo.

Kwandu alimpigia Mwatima, na Mwatima akahangaika mpaka gari la wagonjwa likapatikana. Lilikuja likasimama ukingoni, likawasha taa zake kuelekea ng'ambo. Ndani ya mwanga ule Kwandu aliuona mkokoteni, akaiona kanga ya Generoza, akaona umbo limelala juu ya godoro. Muuguzi alisimama na mkoba wake wa dawa, akatazama maji, akarudi kukaa ndani ya gari. Kwandu alimwita baba yake kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Hajui kama alisikika.

Maji yalipungua polepole, kama yanavyopungua siku zote, wala hayakuharakishwa na mtu. Kulipopambazuka yalikuwa bado kiunoni. Wanaume wa upande ule walikuwa wameshaanza kushikana mikono ili wajaribu kuvuka na godoro, halafu wakaachiana. Wanawake waliokuwa wamesimama kando ya mkokoteni wakakaa chini, mmoja baada ya mwingine, kwenye tope. Kwandu alipowaona wanakaa, akajua.

Bujiku alizikwa nyumbani, kando ya zizi. Watu wa Arusha walituma rambirambi, na Raymond alikuja mwenyewe kwa basi, akakaa msibani siku mbili akisaidia kubeba viti. Mwatima alikuja na askari wake. Kila aliyezungumza alisema bahati mbaya, mvua, mnara, mto. Yote yalikuwa kweli.

Siku ndugu walipotawanyika, Kwandu alimwambia Generoza kwamba kuna jambo anataka alijue. Akamweleza neno la kufagia, tangu mwanzo, alivyoliweka na kwa nini. Alieleza taratibu zaidi kuliko alivyowahi kueleza kitu chochote. Generoza alisikiliza huku akipepeta mtama.

"Uliliweka kwa kusudi?"

"Hapana, mama. Lilikuwa linasaidia mwanzoni."

"Na ulipoligundua ulituambia."

"Niliwaambia."

"Ulituambia," Generoza alisema. "Akapanda dunguni, akaugua, mimi nikamshusha." Akapuliza makapi kwenye ungo. "Sasa unataka tulie kwa ajili ya lipi, la kwako au la kwangu?"

Kwandu akachukua ungo mwingine. Walimaliza kupepeta pamoja.

Wiki chache baadaye yule kijana mstaarabu wa Arusha alipiga simu dukani. Alisema kikao kimekaa, neno limefutwa, programu imejaribiwa na sasa ukanda wote wa ardhi unaonekana bila pengo. Alimshukuru kwa uvumilivu wake. Kwandu akasema asante. Kulikuwa na mteja anasubiri kopi za cheti cha kifo, si cha mtu wake, na akamhudumia.

Programu iliyosahihishwa ilifanya kazi mpaka mwisho wa msimu ule. Mwaka uliofuata, kabla mtama haujatoa masuke, betri ya ukanda ilikufa, safari hii kweli. Mwatima alikaa mbele ya kipokezi siku nyingi akisubiri baiti, hazikuja. Kumvalisha tembo ukanda mwingine kunataka ndege, daktari wa wanyama na kibali, na mradi ulishafungwa. Seva bado imewashwa huko iliko. Programu iko sahihi na haina cha kusoma.

Vijana wa kitongoji wamejenga madungu upya. Kwandu alimwomba Generoza ahamie mjini, akakataa. Alisema ng'ombe hawawezi kukaa nyuma ya stendi. Kwa hiyo msimu wa mtama Kwandu anafunga duka mapema siku za Ijumaa, anapanda bodaboda, na kama mto unapitika anafika kabla ya jua kuzama. Generoza anamwachia tochi na blanketi. Anapanda dunguni mwenyewe, yeye ambaye jembe lilimshinda, anakaa akitazama upande wa kijito. Gizani hapo haonekani mnyama mpaka awe karibu sana, na mara nyingi Kwandu anachosikia ni mabua yanayosuguana, asijue kama ni upepo.